Mwaka wa Nyaya Zilizopishana

Mwezi uliopita, kwenye matanga ya Bi Swabra, nilikaa mkekani pale Mumbuni katikati ya akina mama, nikala pilau na kusikiliza wakimpunguza. Sina neno lingine. Mtu aliyekuwa na kicheko cha kukimbiza kuku wa mtaa mzima alipunguzwa sinia baada ya sinia, mpaka akabaki mjane mtulivu aliyeshona sare za shule bila kukosea kifungo. Mmoja akasema marehemu alikuwa na mkono mwepesi kwenye cherehani. Mwingine akasema hakuwahi kumjibu mtu vibaya, na hapo nusura nipaliwe na mchele, maana mimi alinijibu vibaya kila siku kwa zaidi ya miaka miwili na ndiyo sababu nilimpenda. Mwishowe nikauliza, "Na mashua je?" Wifi yake akaniinamia, akaninong'oneza kwa upole wa mtu anayemfunika mgonjwa shuka: "Ndinda, mwanangu, maiti husitiriwa. Yale mambo yake ya Konza tuyaache."

Basi mimi sisitiri. Niko kidato cha nne, nina miaka kumi na saba na nusu, na najua mtu wa umri wangu akiandika "enzi zile" ni kichekesho. Cheka, ukimaliza tuendelee. Enzi zile nilikuwa kidato cha pili, nikiwa na mdomo huu huu na akili pungufu kidogo. Nilikuwa nimeingia ofisini mchana, nikashika kipaza sauti, na kwa sauti ya naibu wa mwalimu mkuu nikatangaza kwamba chakula cha siku hiyo ni kuku wa kukaanga, kila mwanafunzi mapaja mawili. Shule nzima ilipiga foleni. Wapishi walijifungia jikoni na githeri yao ya mahindi na maharagwe. Nilipewa wiki tatu nyumbani, na mama yangu, ambaye hakuona wa kunichunga mchana kutwa, akanipeleka mlango wa tatu kwa fundi wa nguo, akasema, "Bi Swabra, huyu hapa. Mpe vifungo ashone mpaka vidole vitoke damu." Bi Swabra akaniangalia juu ya miwani, uzi ukiwa mdomoni. "Wewe ndiye wa kuku?" Nikasema ndimi. "Sauti ya naibu inatokaje?" Nikamtolea. Alicheka mpaka cherehani ikasimama. Halafu akasema, "Acha vifungo. Unaogopa buibui? Kuna mahali nataka uingie, mimi sipenyi."

Mahali penyewe palikuwa tumbo la mashua. Naomba ulielewe hilo polepole kama nilivyolielewa mimi: mashua ya matanga, futi ishirini na mbili, juu ya trela, katikati ya uwanda wa Konza, ikizungukwa na ng'ombe. Bi Swabra alizaliwa pwani, baba yake akitengeneza vyombo vya bahari, kisha akaolewa bara na kukaa Machakos miaka ishirini akipima viuno vya watu. Mzungu mmoja aliyekuwa akihama aliiacha mashua ile yadini, kando ya barabara ya Mombasa, na Bi Swabra akaibadilisha na mwenye yadi kwa friji na cherehani yake ya pili. Ranchi ya ushirika huko Konza ilikuwa na bwawa kubwa, na mwenyekiti wa ranchi, Bwana Nzioka, alimruhusu aiweke pale kwa sababu mkewe alikuwa mteja wa Bi Swabra na hakukuwa na amani nyumbani mpaka akubali. Watu walimuuliza mashua itabeba nini. Samaki? Watalii? Nyasi? Jibu lake lilikuwa moja. "Itanibeba mimi."

Tulikuwa tukienda na pikapu ya maziwa ya ranchi ikirudi na mitungi mitupu. Mtu wa tatu alikuwa Fundi Kyalo, bingwa wa baisikeli wa soko la Machakos, mwembamba kama spoku zake, asiyejua kuogelea na asiyeficha. Yeye aliitwa kwa sababu iliyoeleweka. Ukifungua ile nguzo iliyobeba gurudumu la usukani, ndani yake unakuta mnyororo wa baisikeli, meno kwa meno, na kwenye kila ncha ya mnyororo kumefungwa waya. Waya hizo mbili zinashuka chini ya sakafu, zinazunguka makapi, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba, zinakwenda nyuma kushika chuma chenye umbo la robo ya sahani, na chuma hicho ndicho kinachougeuza ubao ulioko majini. Mnyororo ule ulikuwa umeliwa na kutu. Kyalo aliubadilisha kwa nusu siku, akaupaka grisi, akazipaka na waya grisi, akazifunga, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Mama, hiyo sasa ni Black Mamba mpya," alisema, akimaanisha baisikeli.

Tukaishusha majini Jumapili, trekta likisukuma trela. Upepo wa Konza unavuma kama mtu anayedai njia, na tanga lilipojaa sijui nilipiga kelele gani. Bi Swabra akageuza gurudumu kulia kuelekea katikati ya bwawa. Mashua ikaenda kushoto. Akazidisha kulia. Mashua ikazidisha kushoto. Kushoto kulikuwa na mnyweo wa ng'ombe, ndama kama ishirini wameinamisha vichwa na mchungaji amekaa juu ya jiwe anapiga mswaki. Sitasahau uso wa ndama wa kwanza. Hakuwa na hofu hata kidogo. Alikuwa na swali. Tuliingia matopeni katikati yao kwa kishindo, ndama wakatawanyika mpaka kwenye reli, na fahali wa Bwana Nzioka mwenyewe akavunja ua wa kituo cha maziwa akatokea upande wa pili na geti shingoni.

Bwana Nzioka hakupiga kelele. Wanaume wa aina yake hawapigi. Alikuja na kofia yake na simu ya mkono yenye antena, akasimama kwenye tope kavu. "Mama Swabra," akasema, "hapa si Mombasa. Maji haya ni ya ng'ombe." Bi Swabra, akiwa na tope mpaka magotini, akajibu, "Bwana Mwenyekiti, ng'ombe wako wameyaacha. Wako relini." Mimi nikacheka, nikaangaliwa. Ndipo akatoa hukumu yake. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na mkutano wa wanachama. Siku hiyo, mbele yao wote, mashua itoke kwenye jiwe la kuteremkia, izunguke lile pipa la bluu linaloelea katikati ya bwawa, irudi jiweni bila kugusa kitu. Ikiweza, itabaki. Isipoweza, imeharibu mali ya ranchi, na ranchi itaiuza kwa mtu wa vyuma chakavu. "Niko na mtu tayari," akasema.

Trekta likairudisha mashua kwenye trela, na kesho yake ndipo niliingia tumboni. Ni shimo la nyuma, giza, linanuka mafuta na panya, na unalala kifudifudi tochi ikiwa mdomoni. Bi Swabra alikaa juu kwenye gurudumu. "Nimepeleka kulia!" Nikatoa tochi mdomoni. "Ubao umekwenda kushoto!" "Nimepeleka kushoto!" "Umekwenda kulia!" Halafu nikasikia akiuliza kwa sauti tamu mno, "Fundi Kyalo. Zile waya, ulipozikuta chini ya nguzo, zilikuwa zimekaaje?"

"Zilikuwa vibaya," Kyalo akasema. "Zilikuwa zimepishana kama miguu ya mlevi. Ya kulia imekwenda kushoto, ya kushoto kulia. Mimi nikazinyoosha."

"Ukazinyoosha."

"Mama, umeona wapi breki za baisikeli zimepishana? Zitasuguana zikatike. Niliona mzungu alikosea, nikamsaidia."

Sasa hapo mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nilitoa kichwa shimoni, uso mweusi kwa grisi, nikasema kwa sauti ya naibu wa mwalimu mkuu: "Fundi Kyalo amefaulu kuwafundisha ng'ombe kuogelea. Tumpigie makofi matatu." Wakamuaji wa maziwa waliokuwa wakipita wakaangua kicheko. Nikaona hiyo haitoshi, kwa hivyo kesho yake nikairudia sokoni mbele ya wateja wake. Ilipendwa sana. Jumatano Kyalo hakuja kwenye pikapu. Alhamisi hakuja. Spana zake zilibaki mashuani, zimepangwa kwa ukubwa juu ya gazeti, na Bi Swabra alikuwa akizipita bila kuzigusa kana kwamba kuna mtu amelala pale.

Tulizipishanisha waya tena sisi wawili, na mashua ikajua kulia ni wapi. Lakini gurudumu lilikuwa zito. Ukilizungusha linafika katikati linagoma, ukilazimisha linaruka kwa mlio. Nikasema tulazimishe. Huku kwetu kitu kikigoma dawa ni kukaza nati na kuongeza grisi, na mtu akibisha anaambiwa hakukaza vya kutosha. Bi Swabra akanipiga kofi mkononi. "Usimpige mgonjwa kabla hujajua anaumwa wapi." Akanituma ndani nifungue waya kwenye ile robo sahani. "Sasa sukuma ubao kwa mkono." Nikausukuma kwa kidole kimoja, ulikwenda kama mlango wa kabati. "Basi ubao ni mzima," akasema. "Ugonjwa uko kati ya ubao na gurudumu. Umeona? Tumekata mashua nusu na hatukutumia msumeno." Nilifundishwa sayansi kwa miaka na watu wenye makoti meupe, na hakuna aliyewahi kunifundisha kitu kizuri namna hiyo.

Kisha akatoa kwenye kibeti chake karatasi ya msalani. Nikafikiri anataka kwenda. Akasema niikunje, niifungie waya, niivute taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho, nisitumie vidole kamwe. "Itakaponasa, simama." Karatasi iliteleza, ikateleza, ikanasa karibu na kapi la kushoto. Nikamulika. Nyuzi nne za waya zilikuwa zimekatika zikasimama kama sindano, zikingoja kidole changu. Na kapi lenyewe halikuzunguka. Grisi ya Kyalo ilikuwa imekusanya vumbi la Konza mpaka ikawa saruji nyeusi, na waya, badala ya kuzungusha kapi, ulikuwa ukilikwaruza kama kisu. Bi Swabra akasema waya wa mashua hupakwa mafuta mepesi kidogo tu, kwa kitambaa, na makapi huoshwa. Nilipeleka mkono haraka kuonyesha mahali penyewe na sindano moja ikaniingia. Nilitukana kwa Kikamba. Alijifanya hajui Kikamba.

Mchana tulikula ndani ya chumba cha mashua, ambacho kilitutosha wawili tukikunja magoti: muthokoi wa mama yangu, mahindi yaliyokobolewa, kwenye kopo, na mahamri ya Bi Swabra aliyoyafunga kwa kitambaa cha sare ya shule fulani. Alikuwa amekwenda kumwomba mkamuaji chai, na mimi nimebaki na kopo, nimerudi shimoni kusugua kapi, nilipowasikia watu wawili wakizunguka trela. Mmoja aligonga ubavu wa mashua, kama unavyogonga tikiti. "Madini ya risasi yaliyoko chini peke yake yanalipa safari," sauti ngeni ikasema. "Na kama wataweza Jumamosi?" "Nani?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bwana Nzioka. "Fundi cherehani na mtoto aliyefukuzwa shule? Na yule wa baisikeli amewakimbia. Wewe njoo na lori Jumamosi jioni." Nilikuwa na muthokoi mdomoni na sikuthubutu kutafuna. Nimesoma kwamba watu hukumbuka mambo makubwa kwa harufu. Mimi jambo hilo nalikumbuka kwa mahindi yasiyotafunwa.

Nilimweleza Bi Swabra yote isipokuwa neno moja, lile la amewakimbia, kwa sababu nilijua nani alimkimbiza. Alikunywa chai yake mpaka mwisho. "Lori lije," akasema. "Hatujamwalika na hatujamkataza." Lakini aliposhuka ngazi nilimwona akishika ubavu wa mashua pale walipopagonga, akipafuta kwa mtandio wake.

Ijumaa asubuhi nilikwenda sokoni. Kyalo alikuwa amepindua baisikeli ya mtu, anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Wateja watatu walikuwa pale, na mmoja alipokiona kichwa changu alianza kutabasamu, akisubiri mchezo. Nilitaka kusema nimekosa. Nilifungua mdomo, maneno hayo hayakuwa yamewahi kupita huko, hayakujua njia. Nikasema, kwa sauti yangu mwenyewe, na ilitoka nyembamba: "Fundi, kuna waya umekatika nyuzi nne karibu na kapi. Sisi hatujui pa kupata mwingine. Ile ya ng'ombe nimeiacha. Sitairudia."

Hakuniangalia. "Waya unene gani?"

Nikamwonyesha kidole kilichochomwa. "Ulionichoma unafanana na wa breki ya gari."

"Gari gani? Gari si kitu kimoja." Akalisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Breki ya mkono ya lori. Ule unakunjika bila kuvunjika. Niko na mtu." Kisha akawageukia wateja wake. "Nyinyi mnachekelea nini? Huyu msichana ameingia mahali panya wanaogopa. Baisikeli zenu zingoje."

Alifanya kazi Ijumaa yote na Jumamosi asubuhi. Aliosha makapi kwa mafuta ya taa mpaka yakang'aa, akapitisha waya mpya, akazipishanisha mbili zile chini ya nguzo kwa mkono wake, na alipomaliza akabaki amezitazama kwa huzuni ya mtu aliyeona fundi mwenzake akifanya upuuzi na ukafaulu. "Bado naona vibaya," akasema. "Lakini nimenyamaza."

Wanachama walikuja kama arubaini, wakiwa na viti vya plastiki na miavuli ya jua. Lori la vyuma lilikuwa limeegeshwa tayari chini ya mgunga, dereva amelala na miguu dirishani. Bwana Nzioka alipoona nimeshika gurudumu akasema, "Huyu mtoto ndiye dereva?" Bi Swabra alikuwa akifungua kamba za tanga. "Mimi nashika tanga, Bwana Mwenyekiti. Gurudumu linamtaka mtu asiye na adabu." Kyalo alikuwa ameapa kubaki nchi kavu. Dakika ya mwisho aliingia, akakaa sakafuni kabisa, akafumba macho. "Kazi yangu nataka kuisikia," akasema, na hakuna aliyemuuliza zaidi.

Upepo ulikuja wa ubavuni. Gurudumu lilikuwa jepesi, na mashua ilikwenda nilipoielekeza, na kitu hicho kidogo, kwamba unageuza mkono na dunia nzito inakubali, kilinifanya nicheke peke yangu. Mnyweo tuliupita kwa mbali. Ndama hawakuinua hata masikio. Tukafika kwenye pipa la bluu, nikaanza kulizunguka, na katikati ya kona gurudumu likagoma. Mikono yangu ilitaka kulazimisha, na wanaume wote wa Machakos waliowahi kukaza kitu walikuwa mabegani mwangu wakisema kaza. Nikaliachia kidogo. "Fundi! Limeshika! Kushoto!"

Kyalo alifumbua macho, akaona maji pande zote, akalitaja jina la mama yake, akaingia shimoni kichwa kwanza. Sauti yake ikatoka chini ya miguu yangu. "Waya mpya umelegea! Umepanda ukingo wa kapi! Rudisha kulia nusu!" Nikarudisha. Pipa likatukaribia. "Ndinda," Bi Swabra akasema bila kupandisha sauti, "hilo pipa naliona." Kitu kikalia chini, chuma juu ya chuma. "Umerudi!" Kyalo akapiga kelele. "Nimeuzuia na spana, lakini siwezi kuachia! Geuza polepole! Polepole, mwaitu, mama yangu!" Nikageuza polepole. Pipa likapita ubavuni, karibu kiasi cha kulisalimia, na pua ya mashua ikaangalia jiwe la kuteremkia.

Tukarudi hivyo, Bi Swabra na tanga, mimi na gurudumu, na mwanaume asiyejua kuogelea akiwa amelala chini ya usawa wa maji, ameshika waya kwa spana, haoni kitu. Akina mama wakamuaji walianza vigelegele kabla hatujafika. Tulipita mbele ya jiwe karibu sana, hatukuligusa, na wanachama walisimama kwenye viti vyao. Dereva wa lori aliamka akaingiza miguu ndani. Bwana Nzioka aliinua mkono juu, kiganja mbele, kutuambia inatosha, tumeshinda, tusimame.

Bi Swabra akampungia mkono kama anayemrudishia salamu. Halafu akanigeukia, miwani imejaa matone ya maji, akavuta kamba ya tanga.

"Zunguka tena," akasema.

"Bi Swabra, hawajasema mara mbili."

"Najua walichosema."

Nikageuza. Jiwe likabaki nyuma, na vigelegele, na mkono wa Bwana Nzioka bado hewani haujui pa kushukia. Kutoka chini ya miguu yangu ikaja sauti, imechoka, imejaa vumbi. "Ndinda! Tumefika?"

"Bado, fundi," nikasema. "Shika."